Meza Niliyoivunja Jikoni Kwako

Tongoni, Ijumaa, tarehe kumi na tisa Rajabu. Ni miezi sita na siku chache tangu nitoke kwetu Micheweni, Pemba, na miezi minne na siku kumi na moja tangu utuache.

Fundi wangu Mbwana,

Salamu zikufikie huko ulikotangulia. Naandika kwenye daftari lako la jalada jekundu, ukurasa unaofuata mchoro wa jiko. Mimi niliishia darasa la tano, na mwandiko wangu uliwahi kuusema mwenyewe kwamba unafanana na kuku aliyepita juu ya chokaa mbichi. Uvumilie. Kaburini nimekuja mara nyingi, lakini kila nikitaka kusema, anapita mtu na baiskeli ananisalimu, nami naishia kusoma Fatiha na kuondoka. Kwenye karatasi hapiti mtu.

Naanza na lile linalonielemea. Meza uliyonichorea nimeivunja. Niliijenga kwa kipimo chako, haikupanda wala haikushuka, kisha nikaivunja kwa nyundo yako mwenyewe. Nataka uipate habari hii kutoka kwangu, na sababu yake.

Unakumbuka asubuhi ya siku ile. Jiko la zamani tulikuwa tumekwisha kulibomoa, kuta zake nyeusi kwa masizi ya miaka arobaini, na kuta mpya zilikuwa zimesimama. Ulichukua kipande cha mkaa, ukasimama wima, ukapiga mstari ukutani sawa na kiuno chako. Ukasema, "Hapa, Faki. Isipande, isishuke." Mkaa ule ukautupa nje ukisema ndio wa mwisho kuingia jikoni humo. Mchana ulikuwa unakanyaga udongo wa kichuguu na nyuzi za mkonge, suruali umeikunja magotini. Ukasema kichwa kinawaka. Ukakaa juu ya mfuko wa chokaa ukaniomba maji. Niliyaleta kwenye kata, na nilipofika ulikuwa umeegemea ukuta, mdomo umekwenda upande. Yale maji nilikwenda nayo hadi kwenye gari bila kujua. Watu waliniambia niiweke kata chini, sikuwasikia. Kabla ya Magharibi ulikuwa umeshakwenda, hospitali hata haikutukalisha.

Basi maneno yako ya mwisho ya kazi kwangu yalikuwa hayo. Isipande, isishuke. Mtu akiachiwa maneno kama hayo hayachezei.

Nililijua na jambo uliloliweka moyoni kuhusu jiko lile. Tulisimama siku moja kwenye kihori, ule mkono mdogo wa bahari, maji yamekupwa, ukanionyesha tope tupu hadi mbali. Ukasema, "Faki, hapa palikuwa na kivuli." Ulisema mikoko ile uliimaliza kwa shoka lako ukiwa kijana, boriti za nusu ya nyumba za hapa, na matumbawe uliyachoma tanuru baada ya tanuru ukiyaita chokaa. Ukaapa kwamba jiko la mke wako halitakuwa na boriti ya mkoko, wala jiwe la baharini, wala saruji, wala mkaa. Tulikuwa tumejifunza kazi hiyo kule kusini ya Pangani, kwenye zile nyumba za wageni, ambako matofali ni udongo ulioshindiliwa tu na mbao ni za mnazi uliokwisha kuzaa. Wewe ulirudi kutoka huko kama kijana aliyeposa. Ulikuwa ukizungumza habari za chokaa ya mawe ya bara hadi watu barazani wanahama.

Ulipofariki, ndugu zako walikuja na shauri jepesi. Wapange matofali ya saruji, wiki moja kazi imekwisha, mjane apate pa kupikia. Niliwaambia nyumba ina mchoro na mchoro una mwenyewe. Mmoja aliniuliza, "Wewe Mpemba ni nani katika nyumba hii?" Ukoo wenu sina. Nikamwambia mimi ndiye niliyeshika daftari.

Nikabaki. Siku tatu za wiki nilikwenda kwenye mashamba ya mkonge kubeba mizigo nipate cha kula, na jioni nikirudi nilibeba na nyuzi fupi zile wanazozitupa, za kuchanganya kwenye lipu. Siku nyingine nilijenga. Mgongo wangu sasa unajua hali ya hewa kabla ya redio.

Mkeo, mama yetu Bi Mwanahamisi, aliingia eda siku ile ile. Dada yake, Bi Tatu, yule uliyesema ulimi wake ungefaa kupasulia mawe, akahamia hapa kukaa naye. Mimi si maharimu wa mama, basi tukawekeana utaratibu. Nikifika nyuma ya ua nakohoa na kupiga hodi, nangoja. Mama akishaingia chumbani na pazia likashushwa, Bi Tatu ananijibu, "Pita, mwenye nyundo." Nikimaliza kazi nabisha tena kwaheri, ndipo mama anatoka uani. Miezi minne nimejenga jiko la mtu nisiyemwona. Nilichokijua kwake ni kikohozi nyuma ya pazia na sauti ya kuhesabu tasbihi. Wakati huo wote Bi Tatu alipika uani juu ya mafiga matatu, kwa kuni, na moshi ukaingia chumbani kwa mgonjwa wa kifua.

Sasa sikiliza kosa langu, maana lilianza mapema.

Mwezi wa pili, kabla sijapanga tofali la kwanza la meza, niliingiwa na wasiwasi. Wewe ulikuwa mrefu, mama ni mfupi. Nikajiambia nikipata kipimo chake cha kiwiko nitajua mstari wako umekaa vipi kwake. Nikakata kipande cha uzi wa mkonge nikampa Bi Tatu. Nikamwambia, "Shikamoo Bi Tatu. Nipimie kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko cha mama, akiwa kama anavyopika. Upige fundo hapo."

Kesho yake uzi ukarudi. Nikaunyoosha ukutani chini ya mstari wako. Fundo likaja gotini pangu.

Nikamwambia, "Bi Tatu, huyu ni mtu au kinda la kuku?"

Akanijibu, "Umeomba kiwiko umeletewa kiwiko. Unataka tukuletee na jino?"

Nilicheka. Nilidhani ananifanyia mzaha, kama alivyozoea kunitania kwa kuwa mimi Mpemba. Sikuuliza tena. Uzi nikautundika kwenye msumari, nikachukua bao la kupimia, nikafuata mkaa wako.

Fundi, kama kazi ungeiona usingenitukana. Udongo niliuchekecha mara mbili. Matofali niliyashindilia kwa ile mashine ya mkono hadi viganja vikatoka malengelenge juu ya sugu, nikayakausha kivulini, hakuna hata moja lililopasuka. Chokaa niliiloweka shimoni ikalala muda wake wote, sikuiamsha kwa pupa. Mbao za juu ni za ule mnazi wako wa karibu na kisima, uliokauka kichwa. Nilichukua sehemu ya chini ya gogo, ile ya pembeni iliyo ngumu na nyeusi kama ulivyonifundisha, ule moyo laini nikauacha. Nikazipaka mafuta ya nazi hadi zikang'aa. Upande mmoja wa meza nikajenga jiko banifu lenye bomba la moshi, linalokula vifuu na vijiti vichache tu. Upande wa pili nikaweka ile sufuria ya umeme ya presha, ikinywa umeme wa sola uliyoifunga mwenyewe paani. Maji ya kuoshea vyombo nimeyapeleka kwa mfereji hadi kwenye migomba. Yote yalikuwa kama mchoro.

Zilibaki siku kumi na tatu eda iishe. Ilikuwa Ijumaa. Nilipaka meza tabaka la mwisho la chokaa asubuhi, nikamwambia Bi Tatu jiko tayari, mama anaweza kuingia aone mimi nikiwa msikitini. Nilikwenda nikiwa na furaha, nakwambia ukweli. Niliomba dua ndefu kuliko kawaida yangu.

Nilirudi, nikabisha, nikajibiwa, nikaingia.

Katikati ya sakafu mpya kulikuwa na kibao cha mbuzi, kimeipa meza mgongo. Chini kulikuwa na machicha ya nazi na maji ya tui yaliyomwagika. Sufuria ya umeme ilikuwa imefunikwa kanga, haikuguswa. Jiko banifu halina hata jivu. Kisha nikasikia harufu ya kuni. Nikatoka uani, chungu kilikuwa juu ya mafiga, kinachemka, moshi unaelekea chumbani kama siku zote.

Bi Tatu alikuwa anachochea. Hakuniangalia. Akasema, "Mpemba, ile ni meza au mimbari? Sisi tupike au tuhutubie?"

Nikamwambia nimefuata kipimo cha marehemu.

"Marehemu alipika lini?"



Akaacha kijiti akanigeukia. Akasema, "Mwenzangu tangu aolewe anapika amekaa. Nazi anakuna amekaa, samaki anapara amekaa, unga anakanda amekaa. Akisimama kwa muda wa kuiva maharage, magoti yanavimba hadi kesho. Moshi hautaki, kuni hazitaki, hiyo sufuria yenu ya umeme anaiota. Anataka kukaa tu. Tukakuletea kiwiko chake, amekaa juu ya mbuzi wake, kama ulivyosema mwenyewe, kama anavyopika. Ukacheka."

Nilikwenda nikautoa ule uzi msumarini. Nikakaa kwenye kile kibao cha mbuzi, mimi mtu mzima na ndevu zangu. Nikaushusha uzi sakafuni. Fundo likasimama mbele ya kiwiko changu. Mbele yangu kulikuwa na ukuta mweupe wa meza, mzuri sana, na mbao za mnazi ziko juu ya kichwa changu. Nilijiona kama mtoto aliyekaa chini ya kitanda.

Fundi, miaka yote ile niliyokuja kwako, nimekula wali wa nyumba ile. Nimemwona mama akipika katika jiko la zamani, mimi nikiwa uani, mara ngapi sijui. Sikumbuki hata siku moja kumwona amesimama. Na wewe uliishi naye miaka arobaini. Tuliona kuta, tuliona moshi, tuliona mikoko. Yeye hatukumwona amekaa.

Nikasema kwa sauti, ili na chumbani kusikike, kwamba kesho naivunja.

Hapo ndipo mama aliponisemesha mara ya kwanza tangu uondoke. Sauti ilitoka nyuma ya pazia, taratibu. "Usivunje, Faki. Ule ndio mkono wake wa mwisho. Uache hivyo hivyo. Mimi nitapika nje, moshi nimeuzoea."

Hilo ndilo lililonimaliza. Angekasirika ningejua la kufanya. Alikuwa tayari kuvuta moshi hadi mwisho wa umri wake ili mstari wako wa mkaa usivunjwe, na jiko ulilomjengea kwa toba yako liwe ghala la kuwekea magunia. Na mimi nina maneno yako sikioni. Isipande, isishuke. Siku mbili sikuja kazini. Nilibeba mkonge kama punda, sikutaka kufikiri. Siku ya tatu nilikuja kaburini kwako, nikasimama, mwenye baiskeli akapita, nikaondoka.

Lakini njiani nilikumbuka jambo. Ulipoanza kunifundisha kazi, mwaka wangu wa kwanza kuvuka kuja huku, nilijenga ukuta ukaenda upande. Niliogopa kukwambia. Ulipouona hukunigombeza. Uliusukuma kwa bega ukaanguka, ukasema, "Tena." Hayo tu. Nami nikajua kwamba kwako kazi mbaya iliyosimama ni mbaya kuliko iliyoanguka.

Basi nikarudi, nikabisha hodi. Nikamwambia mama kupitia pazia, "Mama, nisamehe. Mkono wake nitauacha ukutani, meza naishusha." Hakujibu. Nikangoja kiasi cha kusoma Kulhuwallahu mara tatu. Bi Tatu akasema, "Hajakataa. Vunja."

Nilivunja. Sikufichi, nililia nikivunja, na vumbi likanisaidia mtu asijue. Lakini sikiliza hili, nalo nakuandikia kwa sababu utalifurahia. Ingekuwa saruji ningebaki na kifusi cha kutupa kihorini. Matofali yetu hayakupita motoni wala hayakutiwa saruji. Niliyaponda, nikayamwagia maji, nikayafunika magunia. Asubuhi yalikuwa udongo tena, laini, unanukia mvua, kana kwamba sikuwahi kukosea. Nikayashindilia upya yale yale. Mbao za mnazi nikazifumua msumari kwa msumari, hakuna iliyopasuka. Sikuongeza kitu, ila chokaa ndoo mbili. Ulichagua vitu ambavyo mtu akikosea anaweza kurudi nyuma navyo. Sijui kama ulilijua hilo. Mimi nililijua siku ile.

Meza sasa iko kwenye fundo la uzi. Chini nimeacha nafasi ya magoti. Jiko banifu nimelishusha, nikarefusha bomba la moshi kwenda juu. Sufuria ya umeme iko upande wa mkono wake wa kulia, maji upande wa kushoto. Na mstari wako wa mkaa sikuufuta. Nilipaka chokaa kuuzunguka, nikaacha kipande cha ukuta chenye upana wa kiganja, cha udongo mtupu, na mkaa wako uko pale pale kiunoni pako. Haujapanda, haujashuka.

Jana eda ilikwisha. Wanawake walikuja wakamwogesha, akabadili nguo. Leo baada ya swala ya Ijumaa niliitwa. Nilibisha hodi kwa mazoea, nikakohoa, Bi Tatu akasema, "Unakohoa nini, pita." Nilipoingia mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi wake, mbele ya meza, kajifunika vizuri, viwiko viko sawa na mbao. Anakuna nazi, mgongo umenyooka. Sufuria ya umeme inapumua pembeni. Moshi hakuna. Alikohoa mara moja tu nikiwa pale, nilihesabu.

Aliniangalia. Akasema, "Faki, umekonda."

Nikasema, "Shikamoo mama. Nisamehe kwa ule uzi."

Akasema, "Angeniuliza ningemwambia siku ile ile. Hakuniuliza. Nawe ukaniuliza, ukaletewa jibu, ukalitundika." Hakusema kwa hasira. Kisha akatazama ukuta, pale penye mkaa. Juu ya mstari wako kuna msumari, sikuupigilia mimi. Ametundika upawa. Akasema, "Kaa ule kwanza."

Nimekula. Wali wa nazi na changu. Sikuweza kumaliza, si kwa shibe.

Sasa nakuaga, Fundi. Mambo yako hapa yametimia, isipokuwa yale ya Mwenyezi Mungu, nayo tunakuombea. Akusamehe mikoko na matumbawe, na mimi anisamehe kichwa kigumu. Kesho naondoka kwenda Tanga kutafuta boti ya Pemba. Mke wangu, Mama Asha, anapikia kwenye kibanda cha makuti tangu tuoane, nami nimemjengea jiko kichwani mara nyingi nikiwa nimelala huku ugenini. Nimelipanga hadi kitasa cha mlango. Yeye sijamuuliza neno. Nimekata uzi mwingine wa mkonge, hauna fundo. Nitampa apige mwenyewe, na safari hii likija gotini au likija kifuani sitacheka.

Nakuahidi mawili. Jiko lako halitaingia saruji maadamu nina mikono. Na chokaa, kwa kuwa inataka kupakwa kila mwaka, nitakuja kuipaka mimi, nikiuzunguka mkaa wako kwa brashi ndogo. Ramadhani nafunga kwetu na watoto. Nikishamaliza na zile sita, nikijaaliwa uhai, tarehe kumi Mfunguo Mosi niko Tongoni na ndoo mkononi, na nitaanzia kaburini.

Mwanafunzi wako,
Faki